Mpiga Taipu Hasomi

Kazi ya taipu nilifundishwa na tajiri mmoja wa Kihindi pale Kariakoo, na neno la kwanza aliloniambia, hata sijakaa sawa kwenye kiti, lilikuwa hili: "Wewe piga tu, usisome. Ukisoma utakosea." Nikacheka moyoni. Nikasema mzee wa watu huyu hajui anachosema, mtu atapigaje kitu asichokisoma? Haukupita mwezi nikamwelewa. Ukianza kufuata barua ya mtu inasema nini, unashangaa, unasikitika, vidole vinapunguza mwendo, mara umeruka mstari. Macho yachukue herufi, vidole viiweke, basi. Nikawa hodari hasa. Nimepiga talaka za watu, wosia, risala za mgeni rasmi, barua za kuomba kazi, na jioni ukiniuliza leo umepiga nini, nakujibu sijui. Nilikuwa najivunia jambo hilo, jamani. Leo nalisema kwa aibu.

Duka lenyewe mbele liliuza bahasha, kalamu na madaftari. Nyuma kulikuwa na mashine ya kuchapia kadi za harusi na mashine ya kudurufu, ile unayoiwekea karatasi ya stensili na wino, ukazungusha mkono, nakala zikatoka. Juu ya droo tajiri alitundika picha ya mungu wao wa kike, kila asubuhi anaiwekea maua ya njano na kuwasha ubani, ndipo anafungua mlango na kelele za wachukuzi na mikokoteni zinaingia zote kwa pamoja. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mtu kafungua kitu: genge, kampuni, chama cha kufa na kuzikana, na kila mmoja alitaka karatasi yenye jina lake juu. Mashirika ya umma ndiyo yaliyokuwa yanafungwa. Baba yangu alikuwa mtunza stoo kwenye mojawapo, la nguo. Likauzwa. Siku moja akarudi nyumbani saa nne asubuhi na kikombe chake cha chai kwenye mfuko, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Wametupunguza." Nilikuwa na miaka thelathini, mtoto mmoja mgongoni, nimeachika, nakaa kwake bondeni, karibu na mto Msimbazi.

Nadhani kukaa bure ndiko kulikomfanya afungue lile sanduku lake la chini ya kitanda.

Baba alikuwa mtu wa kusini. Kijana hajaota ndevu alipandishwa meli na wenzake kuja kukata mkonge huku kaskazini. Walikuwa wakiitwa manamba, na hakukuwa na fumbo lolote: ukifika unapewa kipande, kadi ya kazi, ina namba, na tangu siku hiyo namba ndiyo wewe. Asubuhi mnyapara anaita namba, unaitika. Baba alikuwa amesoma madarasa matatu, akawekwa kumsaidia mnyapara kuandika. Mtu akifa, kazi yake ilikuwa kukata mstari kwenye ile namba, na akija mgeni mwingine, anampa namba ileile. "Namba haikufa hata siku moja," alikuwa akisema. "Watu ndio waliokufa." Basi akajinunulia daftari lake pembeni. Humo akaandika kila aliyekufa pale kambini kwa jina lake, jina la baba yake, kijiji chake, amekufa kwa nini, na kazikwa upande gani wa shamba.

Hilo daftari tulijua lipo sandukuni. Hatukuwahi kulishika. Sasa akalitoa, akaja nalo dukani saa ya chakula cha mchana, akaliweka juu ya mashine yangu ya taipu.

"Nataka hiki kiwe kitabu," akasema.

Nikamwambia, "Baba, nani atanunua orodha ya maiti?"

Sina adabu mimi, tangu utoto. Hakunikasirikia. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema popote. Mara moja tu, alipomaliza mkataba wake, alirudi kusini kusalimia. Mama mmoja akamfuata mpaka kisimani, akamshika mkono: mwanangu umemwacha wapi? Na baba alikuwa amemzika mwanawe huyo kwa mikono yake. Akamjibu, "Yupo, anakuja." Siku ya pili akaja mwingine. Naye akamjibu vivyo hivyo. Siku ya tatu baba akaondoka alfajiri, na hakurudi tena kwao maisha yake yote. "Watu wale wanasubiri mpaka leo," akasema. "Na kama wao wamekufa, watoto wao wanasubiri. Nataka majina haya yakae mahali ambapo mtu anaweza kuja kuyatafuta. Maktaba. Maktaba haihami."

Ndiyo hivyo. Hakutaka kuuza. Alitaka kitabu kiingie maktaba, ili mtoto wa marehemu akija mjini akione.

Wachapishaji wenyewe tuliwaendea, kule Posta, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Kijana wa pale alifungua kurasa mbili, akasema hiki si hadithi, si kiada, mzee nenda kajichapishie mwenyewe. Baba akasema ahsante mwanangu kwa heshima zote, na ngazini nikamsikia anapumua kwa shida.

Tajiri wangu ndiye aliyekubali. Watu wanawasema Wahindi, nami nimewasema sana tu, lakini yule mzee alilifungua lile daftari, akalisoma muda mrefu kuliko nilivyomwona akisoma chochote, kisha akasema stensili na wino baba atoe, kazi yake yeye ataifanya kwa ajili yangu. Akaongeza kwamba kwa sheria kila kinachochapwa nchini nakala zake lazima zipelekwe maktaba kuu. "Wewe hutaki, serikali inataka," akamwambia baba. Furaha ya baba siku ile! Alimshika tajiri mkono, akautikisa, akamwachia, akaushika tena. Aliona kwamba sheria yenyewe inamtafuta.

Nikapiga. Majuma matatu, saa za chakula cha mchana, daftari upande wa kushoto, stensili kwenye mashine. Mashine yangu ilikuwa na ugonjwa wake, herufi m ilikuwa ikiruka juu kidogo, na majina ya kusini yana m nyingi. Nilipiga vizuri, bila kosa, tajiri akanisifu. Nikimaliza ukurasa nageuza, naanza mwingine. Baba alikuja kila siku kukaa kwenye benchi, akinisikiliza tu. Siku moja akaniuliza, "Umefika kwa yule aliyeumwa na nyoka?" Nikamjibu, "Sijui, baba, napiga tu." Akatazama nje.

Jalada likatushinda. Karatasi ngumu ilikuwa adimu, na iliyokuwapo ni ya waridi, mabaki ya kadi za harusi, ina maua ya dhahabu pembeni. Nikasema haiwezekani, wafu wavalishwe kadi ya harusi? Baba akacheka, na kicheko chake kilikuwa nadra. "Wengi wao walikufa hawajaoa," akasema. "Waache wapate."

Kisha tajiri akauliza jina la mwandishi liandikwe wapi, juu au chini.

"Lisiandikwe," baba akajibu.

"Haiwezekani. Kitabu bila mwenyewe?"

"Wenyewe wamo humo ndani. Mimi niko hai. Kwetu mtu hai haandikwi kwenye karatasi moja na marehemu. Ukiandikwa nao umejiita."

Hilo nililijua. Nyumbani kwetu ukitaja marehemu, humtaji aliye hai kwa pumzi ileile, na kwenye dua jina la mgonjwa halikaribiani na la maiti. Hata hivyo nikapandwa na hasira. Nikamwambia baba, haya mambo ya kijijini huku mjini yana maana gani? Kitabu kikatoka bila jina lake. Kilikuwa chembamba, kimebanwa pini mbili. Baba alikinusa wino, akakifunga, akakishika kwa mikono miwili.

Tulikipeleka maktaba pamoja, baba kavaa koti lake la Idi. Jua lilikuwa kali, akachoka, nikamkalisha kwenye benchi ukumbini, nikaenda mimi dirishani. Alikuwapo mama mmoja mwenye miwani, mkavu lakini si mbaya. Akageuza kijitabu mbele, akageuza nyuma.

"Mwandishi nani?"

"Hakutaka jina lake liwekwe."

"Dada, siwezi kukiandikia kadi bila mwandishi. Bila kadi kitabu hakipo, hata kama kipo. Visivyo na mwandishi naviweka kwenye kasha, vinasubiri." Akanionyesha pembeni. Makasha yalipangwa ukutani mpaka karibu na dari. Kisha akafungua droo, akanipa fomu. "Si lazima kichapwe upya. Jaza hapa jina lake, lete hata kesho. Nitakitoa nikiingize."

Mstari mmoja tu. Kalamu ilikuwa pale, imefungwa kwa uzi. Ningeuandika palepale, baba yupo hatua ishirini kutoka kwangu, anatazama watu wakiingia na vitabu. Nikaikunja fomu, nikaitia mkobani. Nikajiambia nimuulize kwanza, nisimvunjie heshima.

Tulipokaa kupumzika pale Mnazi Mmoja nikamweleza. Akaniuliza, "Hiyo fomu inabaki kwao?"

"Inakaa na kitabu."

"Basi ni karatasi moja." Akainuka. "Mwanangu, unataka kunizika?"

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Miaka yote ile kabeba daftari, kapanda ngazi za Posta, kala mafao yake kwa stensili, halafu anakwamia hapo! Tukaenda mpaka nyumbani hatusemeshani.

Kilichonishinda baada ya hapo ni kwamba hakuelewa. Alidhani kile kitabu wamekipokea na kitaingia tu kwa wakati wake, jina au bila jina, si sheria imesema? Kila Ijumaa akitoka msikitini ananiuliza, "Kimeingia?" Namjibu bado. "Wana kazi nyingi," anasema. Ijumaa nyingine, "Kimeingia?" Bado. Nikachoka. Ijumaa moja tajiri amenigombeza, mtoto ana homa, unga umekwisha, naye anakuja na swali lake lilelile. Nikamwambia, "Kimeingia, baba. Nimekiona."

Loo, uso wake ule! "Kipo rafuni?"

"Kipo rafuni."

"Ile rangi haijafifia?"

"Haijafifia."

Akasema alhamdulillahi, akakaa chini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi niliiona ndefu, maana niliipita kila siku.

Masika yaliyofuata mto ulijaa. Wa bondeni tunajua: kwanza maji yanakuja chini ya mlango, unaweka matambara, baadaye unaacha matambara unabeba watoto. Tuliokoa godoro na masufuria. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda. Maji yalipotoka tulilikuta, limefunguka, ndani yake tope tupu. Daftari limekuwa uji. Nakala za kitabu zilizobaki zilikuwa kwenye boksi karibu na mlango, hizo hatukuziona kabisa. Zile chache alizokwisha kugawa aliwapa majirani, nao ni wa bondeni vilevile.

Mimi nilikaa kwenye tope nikalia kwa sauti. Baba akanigusa bega. Alikuwa ametulia kabisa, tena karibu anatabasamu. "Usilie, mama. Si kitu. Cha maktaba kipo," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo nilifungua. Nikaona miguu yake ilivyozama kwenye lile tope, nikaufunga.

Kesho yake nikaitafuta ile fomu, nikaipata kwenye mkoba, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nikaipeleka kazini, nikaiweka mbele yangu na kalamu. Nikasema leo naandika, akasirike asikasirike. Lakini baba alikuwa ameanza kukohoa tangu usiku wa mafuriko, kile kikohozi kinachotoka chini kabisa. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Mkono ukakataa. Mimi niliyemcheka kwa mambo ya kijijini, mtoto wa mjini, mpiga taipu, nimekaa Kariakoo mchana kweupe, naogopa kumwandika baba yangu pamoja na wafu kwa sababu anakohoa! Nikaikunja tena. Nikasema akipona.

Hakupona. Lakini kabla ya kulala chini moja kwa moja alifanya kazi moja ya mwisho, na aliifanya kwa sababu ya uongo wangu. Kila asubuhi alijikongoja mpaka yalipokuwa yanaondokea mabasi ya kusini. Anawasalimia wasafiri, wauza korosho, akina mama wenye vitenge vyao, na anawaambia: huko mnakokwenda, waambieni, wote waliopotelewa na mtu kwenye mkonge, majina yako Dar es Salaam, maktaba kuu, kitabu cha rangi ya waridi. Waje waone. Aliwaambia mpaka sauti ikamkauka. Akirudi nyumbani anakaa mkekani, anasema, "Leo nimewapa watu sita ujumbe." Nilimpikia uji. Nilimpa na kijiko.

Alikufa siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu. Maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka yalikuwa, "Wakija, uwapeleke."

Najua unachotaka kuniuliza. Baada ya kumzika kilikuwepo kizuizi gani? Marehemu ameshakuwa marehemu, mwiko umekwisha, andika jina upeleke. Kweli. Nilisema tumalize arobaini. Arobaini ikaisha, nikasema wiki ijayo. Nilikuwa naona haya hata kupita karibu na lile jengo. Kisha ile fomu sikuiona tena, na sikuitafuta sana.

Mgeni akaja kama mwaka mmoja baadaye. Nilikuwa kwenye mashine, nikaona mtu mzima amesimama mlangoni, viatu amevua kavishika mkononi kwa adabu, na mfuko wa kaki kwapani. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akasema ameelekezwa hapa na wauza korosho wa pale kwenye mabasi. Anamtafuta mzee wa kitabu. Nikamwambia mzee amefariki, mimi ni binti yake. Akatoa pole ndefu, pole ya watu wa kwetu, hana haraka. Ndipo akasema haja yake. Baba yake alipandishwa meli mama yake akiwa na mimba yake. Hakurudi. Mama yake ameishi akisema yupo, anakuja, maana kuna kijana aliyewahi kurudi na akasema hivyo kwa mdomo wake. Sasa ni kikongwe, haoni, na bado hajakaa eda. "Ataikaaje," akasema, "na mtu yupo?" Basi amekuja kuhakikisha, ili amruhusu mama yake alie.

Akalitaja jina la baba yake.

Nikamwomba tajiri ruhusa, nikampeleka. Njia nzima alikuwa akinieleza habari za mama yake, nami nasema ndiyo, ndiyo, ehe. Nilikuwa na tumaini la kijinga, kwamba yule mama wa miwani labda alimhurumia baba akakiingiza hivyohivyo.

Mama wa miwani hakuwepo. Naye walimpunguza. Alikuwepo kijana, akafungua madroo ya kadi. Jina la baba, hakuna. Jina la kitabu, hakuna. Nikamwambia kuna makasha. Akasema yale makasha yalihamishwa paa lilipovuja, yako stoo, stoo ipi hajui, mwenye ufunguo yuko safarini. Mgeni akalitaja tena jina la baba yake, polepole, ili kijana aliandike kwenye karatasi, akadhani labda likiandikwa litapatikana. Kijana akaliandika, kwa huruma tu.

Tukatoka nje, tukasimama kivulini. Nikamweleza. Nilimweleza yote, fomu, uongo, mafuriko. Nilitegemea anitukane, na ningemshukuru. Alisikiliza, akafikiri, halafu uso wake ukafunguka.

"Lakini kitabu nani alikipiga chapa?"

"Mimi."

"Si ndiyo hivyo! Basi uliyapiga yote wewe, kwa mikono yako. La baba yangu utalikumbuka. Kumbuka tu, dada. Kama limo, niambie limo. Nitakuamini."

Nikaiangalia mikono yangu. Wallahi nilijitahidi. Nilifumba macho, nikavichezesha vidole hewani, nikidhani labda vyenyewe vinajua. Nilikumbuka ile m inavyoruka. Nilikumbuka maua ya dhahabu. Jina hata moja sikuwa nalo.

"Mpiga taipu hasomi," nikamwambia.

Hakuelewa. Alidhani namwambia kwamba sijui kusoma. Akanionea huruma, akasema si kitu dada, ni mambo ya Mungu. Akavaa viatu vyake, akasema awahi basi la kesho yake. Sikumshika, sikumwambia alale kwangu. Nilitaka aondoke mbele ya macho yangu, na huo ndio ukweli.

Miaka imekwenda. Tajiri alifariki, wanawe wakahamia ng'ambo, pale dukani sasa wanauza vioo vya simu. Taipu hakuna aitakaye. Binti yangu mdogo, huyu wa ndoa ya pili, anasoma vitabu kwenye simu, anakwenda nayo hata chooni, kitabu kizima kimo mle ndani. Majuzi alikuwa na kazi ya chuo juu ya mashamba ya mkonge. Akaniita jikoni, anacheka: "Mama, njoo uone, kitabu cha mkonge kimevaa kadi ya harusi."

Sufuria ilinidondoka.

Watu wa maktaba siku hizi wanapiga picha makabrasha yao ya zamani na kuyaweka kwenye mtandao, na kumbe makasha nayo yamefikiwa. Waridi imekuwa kama kahawia, maua yale yapo. Chini yake wameandika: Mwandishi, hajulikani. Binti akafungua ndani, nikaiona m yangu inaruka.

"Ni cha babu yako hiki," nikamwambia.

"Sasa mbona hajulikani?"

Nikamsimulia. Akanionyesha mahali pa kuwaandikia wenye mtandao ukiona kosa. Akauliza, "Niwaandikie jina la babu?" Nikamwambia andika, sasa anaruhusiwa, sasa ni mwenzao. Akaandika, nikamsahihisha herufi moja, akatuma. Baada ya siku chache jina lake likawa pale juu, baba yangu, mwandishi wa kitabu. Nililia, lakini hicho si kilio chenyewe.

Nimenunua simu yenye kioo kikubwa kwa ajili ya macho yangu. Nimekisoma. Nimekaa barazani asubuhi, nimesoma kila jina kwa sauti, jina la baba, kijiji, kafa kwa nini, kalazwa upande gani. Huyu homa. Huyu mashine ilimkamata. Huyu nyoka, ndiye yule baba aliyeniuliza. Nimesoma mpaka mwisho, nikaanza tena.

Yule mgeni alilitaja jina la baba yake mara mbili mbele yangu, mara moja dukani, mara moja pale dirishani, polepole. Mara zote mbili nilikuwa nafikiria uongo wangu, sikulishika. Na lake mwenyewe sikumwuliza. Ningemwuliza, la baba yake lingekuwa humohumo, nyuma yake. Mama yake bila shaka amekwisha kufa, hajakaa eda. Yeye labda yupo, labda hayupo, kusini ni kubwa.

Limo, hilo nina hakika nalo. Nimelisoma kwa sauti mara mbili. Sijui ni lipi.